Unywele Mwekundu Ndani ya Kasha la Kamera

Jumamosi, saa nne asubuhi, manyunyu. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwangu, na kwenye ncha ya kidole changu kulikuwa na unywele mmoja mwekundu.

Niliukuta ndani ya kasha la kamera ya mume wangu.

Na nilijua kichwa ulikotoka…

Mimi ni msusi. Nywele nazisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Rangi ile ya rasta niliichanganya mwenyewe, nyekundu ya damu na nyekundu ya kutu. Wiki ile nilikuwa nimemsuka mtu mmoja tu kwa rangi hiyo.

Mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja.

Msinihukumu bado. Sikilizeni kwanza.

Mume wangu anafundisha watoto kuogelea. Zamani alikuwa mpiga mbizi, anakagua meli kwa chini, hadi ngoma ya sikio lake ilipopasuka huko majini. Daktari alimkataza kuzama tena. Aliniapia, pacha wetu wakiwa mapajani mwake, kwamba hatarudi.

Mwezi uliopita akasema anataka kamera ndogo ya chini ya maji, ili wazazi waone watoto wao wanavyopiga miguu bwawani. Nikaona ni jambo jema. Mdogo wangu ni mpiga picha wa studio, kwa hiyo akamwendea yeye kwa ushauri.

Hapo ndipo moto ulipoanza kunilamba.

Simu ya mume wangu ikawa haitulii. Siku moja nilipita nyuma ya kochi, nikasoma.

"Shem, anza na kasha, kamera baadaye. Kamera nzuri isiyo na kasha lake utapigia picha nchi kavu tu."

"Lile tuliloliona kwanza je?"

"Vitufe viwili havifikiki. Utazama halafu ushindwe kuwasha taa?"

Akacheka. Mume wangu, ambaye nikimwonyesha mtindo mpya wa nywele husema "nzuri" bila kuinua macho, alikuwa anachekea vitufe.

Wakaenda dukani pamoja, wakarudi, wakaenda tena. Mimi sikuulizwa hata rangi ya kamba ya kuvaa mkononi.

Basi Jumamosi hiyo pacha walikuwa kwa bibi yao, na baba yao alikuwa bafuni. Nikalifungua kasha nitafute picha. Ni boksi gumu la plastiki angavu, lina mlango mdogo, na mlango umezungushiwa mpira mwembamba unaozuia maji. Kamera ilikuwa tupu. Lakini juu ya ule mpira, umejilaza kama mwenye nyumba… unywele.

Nikampigia mdogo wangu. "Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Alifika mabega yamelowa.

"Dada, umeniita kama askari. Nani kafa?"

"Kaa. Huu ni wa nani?"

Akautazama, akashika rasta zake. "Si wangu huu? Umeutoa wapi?"

"Ndani ya kasha la mume wangu."



Mume wangu akatoka bafuni, taulo shingoni. "Mama Pacha, kasha umelifungua?"

"Hilo ndilo linalokuuma?"

"Unywele ukibaki kwenye mpira, maji yanapenya, kamera inakufa. Na jana tu niliusafisha."

"Kwa kitambaa gani?" mdogo wangu akauliza.

"Kwa hii taulo."

Mdogo wangu akamvua ile taulo, akaikung'uta juu ya meza ya kioo. Zikaanguka nyekundu, nyeusi, kahawia, na moja ya dhahabu ya mama mchungaji.

Ilikuwa taulo ya saluni yangu.

"Dada," akasema, "kwa ushahidi huu, shem anatembea na mtaa mzima. Hata mama mchungaji yumo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha nikacheka, naye akacheka hadi akakaa sakafuni na tope lake la viatu.

Mume wangu hakucheka.

Nikaliokota kasha ili nilirudishe mahali pake. Hapo ndipo nilipoona namba iliyochapwa chini yake.

"Baba Pacha, bwawa lenu lina kina gani?"

"Mita mbili."

"Hapa pameandikwa mita arobaini."



"Dukani hawakuwa na lingine."

"Walikuwa nalo," mdogo wangu akasema polepole. "La mita kumi na tano, jepesi, vitufe vyote vinafikika. Nilimwambia achukue lile, akakataa. Nilipombana, akaniapisha nisikwambie."

"Usiniambie nini?"

Akamgeukia shemeji yake. "Nimenyamaza mara moja, shem. Ya pili sinyamazi."

Mume wangu akakaa. "Kesho kuna meli. Wanataka picha za tumbo lake. Nimekubali kuzama."

"Na sikio?"

"Linaniuma hata nikiwa nchi kavu. Bora liniumie kule. Kule ndiko ninakojijua."

Ndugu zangu… nilikuwa nimejiandaa kugombana na mwanamke. Ningejua pa kumshika. Kumbe mke mwenza wangu ni maji, na maji hayana kichwa cha kusuka.

"Pacha wakikuita," nikamwambia, "utawasikia kwa sikio lipi?"

Akanyoosha mkono, akachukua simu yake.

Wivu haukunidanganya kwamba kuna siri. Ulinidanganya mahali ilipo. Nilihangaika na unywele, na namba ilikuwa imekaa mezani kwangu mchana kweupe. Ukihisi jambo, muulize mwenzako jambo lenyewe, usimpekue.

Mume wangu alimpigia mwenye meli, akaikataa kazi. Jumatatu alikwenda kwa daktari wa masikio, akaruhusiwa maji yasiyozidi mita mbili.

Mdogo wangu alilirudisha kasha dukani, akachukua lile la mita kumi na tano.

Mimi nilifua taulo zote za saluni, kisha nikamwomba mdogo wangu radhi. Alikubali kwa sharti kwamba nimsuke upya, rangi nyingine.

Sasa mume wangu hupiga picha za watoto bwawani. Picha zikiisha, hubaki ameketi chini ya maji, peke yake, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Huwa nasimama ukingoni na taulo safi. Namsubiri.