Bafu Lisilo na Kizingiti

Nyumbani kwa Valsala, siku ilianza kwa mlio wa maji. Mama mkwe wake, Bhargavi, alikuwa wa kwanza kuoga kila alfajiri. Alipaka nywele mafuta ya nazi, kisha akayatoa kwa unga wa choroko, kama alivyofundishwa na mama yake. Jioni alioga tena, akavaa nguo safi, akawasha taa ya shaba mbele ya miungu. Asipooga, taa haigusi. Hilo halikuwa na mjadala.

Kisha akaanguka njiani akitoka hekaluni, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali akitembea kwa fremu ya chuma. Daktari alimwambia Valsala pembeni, "Akianguka tena, huenda asisimame."

Sukumaran, mume wa Valsala na kondakta wa basi, akabomoa bafu la zamani. Akajenga jipya lenye shawa, vigae vya samawati na vyuma vya kushikilia ukutani. Kizingiti akakiondoa kabisa, ili mama aingie bila kuinua mguu. Majirani wakaitwa kuja kutazama. Sukumaran alijipiga kifua, na kwa kweli alistahili.

Ila maji yalikataa kuondoka. Yalituama sakafuni, yakatambaa hadi mlangoni, yakaingia chumbani kwa mama. Mkeka ukaota ukungu. Sukumaran akajenga tuta dogo la saruji mlangoni, akasema, "Sasa tuone yatapitia wapi!"

Maji hayakupita tena. Yalibaki bafuni, yakawa dimbwi. Tangu hapo mama akawa na mafua yasiyoisha.

"Leo sikogi, mwanangu. Kichwa kizito," alimwambia Valsala.

Kesho yake kichwa kilikuwa kizito bado. Jioni Valsala aliwasha taa yeye mwenyewe. Mama alijilaza, akageukia ukutani. Valsala alijua huyu si mtu wa kushindwa na mafua.

Asubuhi moja, akimbadilisha nguo, aliona paja la mama limevilia damu.

"Mama! Hiki nini?"

"Punguza sauti."

"Umeanguka?"

"Fremu ilinasa kwenye lile tuta, nikateleza. Bahati nilidaka chuma." Mama akamshika mkono. "Usimwambie mume wako. Amelijenga kwa ajili yangu. Nitamwambiaje kwamba bafu lake linanitisha?"

Valsala akaahidi. Alitoka nje, akalia nyuma ya jiko, kisha akajifuta uso na kwenda kwa Omana.

Omana, jirani yao, alikuwa fundi mwashi. Alikuja na ndoo na ndimu moja. Aliiweka ndimu katikati ya sakafu ya bafu. Ndimu ikabingirika polepole, ikagonga tuta la mlangoni.

"Mnacheza gololi humu?" Sukumaran aliuliza. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.

"Kaka, nani alisema sakafu iteremkie huku?"

"Mimi. Maji yanatakiwa yaelekee kaskazini-mashariki. Ndivyo mila inavyotaka tujenge nyumba zetu."

"Sawa, sipingi. Lakini tundu la kutolea maji umeliacha kona ya kule, sakafu ilikoinuka. Umeyaita maji huku, mlango wa kutokea umeyawekea kule. Yafanyeje?"

Omana akafunua tundu la zamani, akaingiza mkono. Akatoa donge la nywele, mafuta na unga wa choroko, zito kama unga wa chapati uliokandwa.

"Hata machache yaliyofika huku yalikuta njia imezibwa," akasema.

Sukumaran alikunja uso. "Basi nitalipandisha tuta."

"Tuta lako ndilo lililomwangusha mama," Valsala akasema.

Alikuwa amevunja ahadi, na hakujuta. Sukumaran alimtazama. Kisha akakaa kitako pale pale penye maji, na sare yake ya kazi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno. Hakutaka kukuvunja moyo."

Sukumaran alilipapasa lile tuta. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Dada Omana, tufanyeje?"

"Maji hayazuiwi kwa ukuta. Yape njia. Tutavunja tuta na sakafu hii. Hapa, kabla ya mlango, tutachimba mfereji mwembamba kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake tutaweka wavu wa chuma, sawasawa na sakafu, fremu ipite bila kunasa. Sakafu yote ishukie kwenye mfereji. Kwa kila hatua moja ndefu, ishuke unene wa kidole. Ikizidi hapo, mama atateleza."

"Na chini ya vigae?"

"Kwanza tunapaka dawa ya kuzuia maji, na ikauke vizuri. Vigae viwe vya kukwaruza, siyo hivi vya kung'aa. Bomba la nje tulipeleke kwenye migomba, mbali na kisima. Na kabla sijaweka kigae hata kimoja, tutamwaga ndoo ya maji tuone."

Walifanya hivyo. Ndoo ilipomwagwa, maji yalikimbilia kwenye mfereji, yakazama. Mlangoni pakabaki pakavu. Omana alimwonyesha Valsala jinsi ya kuinua wavu kila wiki, kutoa nywele na kusuuza mfereji kwa maji ya moto na sabuni.

Vigae vipya vilipowekwa na saruji kukauka, mama aliingia na fremu yake. Unga wa choroko aliusuuzia kwanza kwenye beseni, usiende mferejini. Sukumaran alisimama nje, sikio mlangoni.

"Mama, uko salama?"

"Bado umesimama hapo? Nenda zako! Mimi mtoto mchanga?"

Sukumaran akaenda jikoni, akajifuta macho kwa taulo la begani.

Giza lilipoanza kuingia, Valsala alichukua kiberiti akawashe taa, kama alivyozoea siku hizi. Akasikia fremu ikija nyuma yake. Mama alikuwa na nywele mbichi na nguo safi, na nyayo zake zilikuwa kavu.

"Lete hicho kiberiti," mama akasema. "Nimeoga."