Saa ya Mama Ilipoanza Kugonga Kizungu

Ndugu zangu, sogeeni. Shule sikufika mbali, lakini jambo nililoliona kwa macho yangu halinitaki cheti ndipo nilisimulie.

Nyumba ya shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu mke wangu, ilikuwa na utulivu wake. Watu wakishakwenda kazini, yeye hubaki chumba cha nyuma akisikiliza saa ya ukutani. Macho yalimzimika zamani. Mumewe, kabla hajafa, aliisogeza mishale ya ile saa ili igonge kama tunavyohesabu sisi: saa moja igonge mara moja, saa mbili mara mbili. Fundi angecheka. Mama, ndivyo sote tumwitavyo shemeji, hakujali.

"Huyo ni mume wangu," husema ikigonga. "Amekufa, na bado ananikumbusha dawa."

Ana kisukari. Kidonge kina saa yake, na nyuma ya kidonge lazima kije chakula.

Basi saa ikasimama.

Utulivu ukahama nao. Mama hakai. Anapapasa ukuta, anaketi, anainuka tena.

"Saa ngapi sasa?"

"Mama, si umeuliza sasa hivi!" mkwewe anajibu kutoka jikoni.

"Nimeuliza, lakini hiyo si imeshapita?"

Mwanawe ni mkubwa ofisini. Mtaani tunamwita Bosi, na anafurahi kuitwa hivyo. Akamtania, "Una haraka ya nini, Mama? Una kikao?" Wakacheka. Mama naye akacheka. Ila tangu siku ile hakuuliza tena, na hakuna aliyeona kwamba ameacha kuuliza.

Nilimwambia Bosi aite fundi.

"Baba mdogo, fundi wa nini? Nimeshaona kwenye simu wanavyofungua."

Jumapili akaitandaza mezani, bisibisi mkononi. Springi ikaruka, ikaingia chini ya kabati, tukapiga magoti kuitafuta. Mama kasimama mlangoni, vidole vinachezea upindo wa kanga.

"Mwanangu, taratibu. Na hiyo mishale..."

"Mama, niachie mimi."

Wakubwa ndivyo walivyo. Ukianza kusema, wameshamaliza kusikia. Nikaenda zangu na hasira yangu. Nyuma yangu saa ikapona, Bosi akatazama simu, akaiweka sawa na simu, akaitundika kesho yake asubuhi akitoka kwenda kazini. Saa mbili ya asubuhi sasa ingegonga mara nane. Hakuna aliyemwambia Mama.

Jumatatu hiyo, Mama alinisimulia baadaye, kulikuwa na mawingu, hata jua la kumwonyesha wakati halikumgusa. Mama akanywa chai na kidonge chake, nyumba ikabaki tupu, akasinzia. Akaamshwa na saa: mara nane. Akashtuka. Saa nane! Bila shaka mkwe ameleta chakula cha mchana, amenikuta nimelala, amerudi nacho dukani kwake. Akangoja jioni. Ikagonga kumi. Ikagonga kumi na mbili, na bado hakuna mlango uliofunguliwa. Akatembea, akaketi, akatembea. Kisha ikagonga mara moja. Saa moja ya usiku: akameza kidonge cha usiku, akangoja chakula cha usiku.

Nje ilikuwa saa saba ya mchana. Na mkwe siku hiyo alikawia dukani, hakuleta chakula cha mchana.

Nilipopita alasiri kumjulia hali, nilimkuta sakafuni, jasho baridi, ulimi mzito.

"Shemeji," akasema, "mbona leo hawarudi kulala?"

"Kulala? Huu mchana!"

"Usinidanganye. Saa imesema."

Dalili zile za sukari kushuka mwilini nazijua. Ndizo zilizomchukua mdogo wake, mke wangu, kwenye benchi la hospitali, wenye dhamana pale wakituambia tumsubiri mkubwa wao. Mkubwa hakuja. Safari hii sikumsubiri mtu. Nilikoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha kidogo kidogo, nikampigia kelele jirani mwenye gari.

Bosi alitukuta wodini, tai imempinda. Mama alikuwa ameshazinduka.

"Mama, ulipoona mambo hayaeleweki, kwa nini hukupiga simu ukauliza?"

"Nilichoka kuwachosha, mwanangu."

Bosi akaivua ile tai. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akauliza asilolijua: "Sasa unataka igonge vipi?"

"Kwanza kaa," Mama akasema. "Halafu nitakwambia."

Akakaa. Simu yake ikaita, akaibonyeza ikanyamaza. Kama aliizima au aliinyamazisha tu, mimi sijui.

FUNZO

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe uliyepewa dhamana, ya nyumba, ya ofisi au ya nchi, usitengeneze kitu cha watu kabla ya kumuuliza anayekitumia. Na sisi wa nyumbani: mzee akiuliza saa ngapi, mjibu. Akiuliza tena, mjibu tena. Hujui anahesabu nini.