Barua Niliyoificha Kwenye Debe la Mbegu

Kila Jumamosi, umande ukiwa bado majanini, mimi na baba tulikuwa tayari shambani, pale Nangwa. Siku hizi niko sekondari, ninalala bwenini, lakini nikinusa udongo uliolowa ninalikumbuka shamba lile hadi moyo unauma. Bibi Genoveva ndiye aliyenifundisha kupanda maharage pale, akipima nafasi kwa nyayo zake, pekupeku.

Bibi alipofariki, shamba alimwachia shangazi Scolastica, muuguzi wa Haydom. Shangazi akampa baba hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya wakili iliyomruhusu kulisimamia shamba na kusaini kwa niaba yake.

Siku moja kondakta wa basi la Haydom alinipa barua ya shangazi nimpelekee baba. Bahasha haikugundishwa, nami kwa umbea wangu nikaisoma. "Kaka Gervasi, wakili amesema nikuandikie. Kuanzia leo nimeifuta ile hati. Asante kwa kazi. Sasa nitalima mwenyewe."

Niliona kama ninafukuzwa kwa bibi. Nikaifukia barua kwenye debe la mbegu, nikajiambia kwamba baba asipoisoma, hakuna kilichobadilika. Ujinga ulioje!

Wiki iliyofuata tulikwenda ofisi ya kijiji. Baba alitaka kumkodishia mzee Yonas, tuliyekwenda naye, nusu ya shamba kwa misimu mitatu. Mtendaji, Bwana Bonaventura, akaisoma hati. "Gervasi, ruhusa hii ipo bado?"

"Ipo. Dada angeifuta angenijulisha," baba akajibu, akashika kalamu.

Nikaona baba yangu ataitwa tapeli kwa kosa langu. "Baba, usisaini!" nikalia. "Ameshakuandikia. Barua niliificha mimi."

Baba akaiweka kalamu mezani. "Mzee Yonas, unisamehe. Sina tena mamlaka."

"Afadhali mtoto amesema kabla sijaleta trekta," mzee Yonas akaguna.

Jioni baba alimpigia shangazi simu, akanipa niongee. "Shikamoo shangazi," nikasema, nikaungama yote huku nalia.

"Marahaba. Kornelia, nimefuta karatasi. Nani kasema nimekufuta wewe? Nitalima na nani, mimi nisiyejua hata nafasi ya maharage?"

Mvua zilipoanza, shangazi alikuja. Baba alimrudishia hati palepale shambani, kisha akanigeukia. "Mwanangu, hapa nilisimama kwa jina la mwenzangu. Akishalichukua jina lake, mimi sina tena ruhusa, hata karatasi iwe na mhuri mzuri namna gani. Na ujumbe wa mtu mfikishie mwenyewe, hata kama unakuumiza."

Shangazi akavua viatu. "Haya, bibi alipimaje?"

Nikaweka unyayo mmoja mbele ya mwingine, naye akanifuata nyuma.