Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Mzee Merv Tranter alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani makavu ya kizimba, miwani imevunjika chini ya shavu. Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na jeraha lililopinda kama kiatu cha farasi. Damu ilikuwa imeshaganda. Farasi mwenyewe, jike jekundu aitwaye Mvua ya Jumapili, alikuwa amehamishiwa kizimba cha jirani, anatafuna majani kwa raha zake.

Inspekta Noreen Pascoe alichuchumaa kando ya maiti, akasubiri moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Tangu amzike mumewe, Graeme, mambo yote yalimfikia kutoka mbali, kama sauti ya redio ya jirani. Alikula, alilala, alifika kazini kabla ya wenzake. Watu wakamsifu eti ni jasiri. Jasiri wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu, na ganzi haina ushujaa wowote.

"Ajali, afande," alisema Konstebo Tuan Dinh. "Jike kampiga teke. Mkufunzi wake, Col Brandis, kaona kwa macho yake."

"Wapiga picha wameshamaliza eneo la tukio?"

"Wanamalizia. Ila wasimamizi wa mbio wanasumbua. Wanataka mbio ya sita iendelee. Na Brandis anaomba huyu jike akimbie."

Noreen aliinua uso. "Farasi aliyeua mtu?"

"Anasema farasi hana kosa, kashikwa pasiposhikwa. Daktari wa mifugo kamtembeza, kasema mzima. Mpanda farasi ni Tayla, binti wa Brandis mwenyewe. Yuko tayari kabisa."

"Na wewe umebeti?"

Dinh alitazama viatu vyake. "Kidogo, afande. Mzee Merv ndiye aliyetuambia jioni hii ni ya jike huyu."

Mji mzima wa Wirrabool ulimjua Merv. Kila jioni ya mbio alisimama juu ya kreti kando ya uwanja wa kuonyeshea farasi kabla ya mbio, kipaza sauti mkononi, akatangaza nani ana dalili za kushinda. Magazeti ya mbio hakuyasoma. Alitazama bega, jasho la shingoni, masikio, na jinsi farasi anavyokanyaga. Nusu ya wateule wake walishindwa, na watu walimpenda vilevile, maana mkeka wa kubeti ukichanika unakuwa na mtu wa kumtukana.

"Maneno yake ya mwisho kwenye kipaza sauti yalikuwa yapi?"

"Alisema tusiweke kitu mbio ya sita mpaka arudi. 'Yule jike amenichanganya,' kasema. Watu wakamzomea, 'Mzee, nenda ukalale!' Akacheka, akashuka kwenye kreti, akaja huku."

"Kamchanganya vipi?"

"Hakusema."

Col Brandis alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Mtu wa mabega mapana, uso umeungua kwa jua. Alimwona Noreen akaanza kusimama.

"Kaa, bwana Brandis. Nieleze."

"Hakuna la kueleza, mama. Alikuja kumwona jike. Nikamwambia, Merv, angalia, mguu wa nyuma wa kushoto hauguswi. Huyu ana mtekenyo tangu mtoto. Ukimgusa kisigino, anarusha."

"Akasemaje?"

"Merv na ubishi wake? Akainama, akaukamata. Pwaa! Kwisha habari yake."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, nimeshika kamba."

"Alishika wapi hasa?"

"Kisigino. Mguu wa nyuma wa kushoto."

"Una hakika?"

"Mama, jike huyu nimemlea kwa chupa. Muulize yeyote hapa, mguu ule unajulikana. Sasa tuacheni tukimbie, kisha mtanihoji mpaka mchoke."

Noreen aliuliza, na kweli, mguu ulijulikana. Wahudumu watatu wa mazizi walikuwa wameonja teke lake. Mmoja alipandisha suruali akaonyesha kovu kwa fahari, kama mtu anayeonyesha medali.

Tayla Brandis alisimama kwenye kivuli cha trela, amevaa hariri za kijani na nyeupe, helmeti kwapani. Mwembamba, macho makubwa. Alikuwa akijing'ata mdomo.

"Pole, binti," alisema Noreen.

"Alinifundisha kusoma jina langu kwenye ubao wa mbio," alisema Tayla. "Mzee Merv. Baba anasema nisilie mpaka nimalize kukimbia."

"Lazima ukimbie leo?"

"Nilianguka mwaka jana, mama. Nyonga ikavunjika. Tangu hapo hakuna anayenipa farasi isipokuwa baba. Leo kuna mkufunzi mkubwa wa Melbourne amekuja. Nikishinda, ananichukua. Nisiposhinda, basi."

"Merv alisema jike amemchanganya. Unajua kwa nini?"

Tayla alifikiri. "Labda kwa sababu ya asubuhi. Alipita tukimshusha kwenye trela, jike alikuwa anachechemea. Baba akasema ni safari tu, atanyooka. Na kweli, jioni akatembea kama hajawahi kuumwa."

"Alichechemea mguu gani?"

"Huohuo. Wa nyuma, kushoto."

Noreen aligeuka, akaenda moja kwa moja kwenye kizimba cha jike.

"Afande!" Dinh alimkimbilia. "Afande, usiingie humo! We, shikeni kamba!"

Aliingia. Aliweka kiganja kwenye kiuno cha jike, akakiteremsha taratibu pajani hadi gotini, kisha akainama. Kichwa chake kilikuwa palepale ambapo kichwa cha Merv kingekuwa. Alisubiri hofu ije. Hofu haikuja, na hilo tu ndilo lililomtia wasiwasi kidogo.

Alibonyeza kisigino cha kushoto kwa kidole gumba. Jike alitafuna. Alibonyeza kwa nguvu zote. Jike alitafuna. Akachomoa pini ya beji yake, akamchoma. Hata sikio halikutikisika.

"Mungu wangu," alinong'ona Dinh.

Noreen akahamia mguu wa kulia, akamgusa kisigino kwa ncha ya pini. Mguu uliruka kama umeungua, kwato ikapita karibu na goti lake, ikagonga ubao. Watu wote wakaruka nyuma. Yeye alinyanyuka, akapangusa majani kwenye suruali.

"Mwiteni daktari wa mifugo. Na huyu farasi hatoki humu."

Daktari hakuchukua muda. Alitenga manyoya juu ya kifundo, akaonyesha vitone viwili vya damu, bado vibichi.

"Kadungwa dawa ya ganzi," alisema, akiona haya. "Ndiyo maana alinipita akitembea vizuri. Kuanzia hapa kushuka chini hasikii kitu. Nikibonyeza juu zaidi, hapa, joto hili ni la ufa kwenye mfupa. Angekimbia kwa kasi yake yote, na mfupa ungekatika bila yeye kujua."

"Na aliye mgongoni?"

Daktari aliuachia mguu wa jike. Nyuma yake Tayla alikuwa amefika, naye alikuwa amesikia yote.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Dinh alifungua sanduku la vifaa la Brandis na kukuta kiatu cha zamani cha chuma, kimeviringishwa kwenye taulo lenye maji. Kilikuwa kimeoshwa, lakini kwenye matundu ya misumari damu ilibaki. Jike, jioni ile, alikuwa amevaa viatu vyepesi vya alumini. Dinh alikitia kwenye mfuko wa vielelezo, akamletea bosi wake.

Noreen aliuweka mfuko magotini pa Brandis, juu ya kofia.

"Umeniambia alipigwa kwa sababu aligusa kisigino."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nimekigusa. Nimekichoma kwa pini."

Brandis aliutazama mfuko.

"Ungesema Merv kateleza, kaanguka kwenye nguzo, pengine ningekuamini. Lakini miaka yote umewaambia watu mguu ule usiguswe, maneno yakatoka yenyewe. Ukasahau kwamba leo umeuzima kwa mkono wako."

"Una haki ya kukaa kimya," Dinh alianza.

"Nyamaza, kijana." Brandis alipangusa uso kwa mkono. "Alikuja akabonyeza pale. Jike akatulia, naye akajua. Akaniambia, 'Col, mtoto wako ndiye atakayekaa juu yake.' Nikamwomba. Mbio moja tu, Merv. Akasema anarudi kwenye kipaza sauti. Akanipa mgongo. Kiatu kilikuwa ukutani, nikakitungua, nikampiga. Sijui niliwazaje."

"Ulimbetia?"

"Sikuweka hata senti! Unadhani ni hela?" Sauti ilimkatika. "Humwoni Tayla alivyo? Tangu aanguke anakaa jikoni taa zimezimwa, haongei, hali. Nilidhani akishinda leo, mbele ya mtu wa Melbourne, mwanangu atarudi kuwa mtu."

Tayla alisogea mpaka akasimama mbele yake.

"Baba. Ulijua mguu una ufa?"

"Tayla, nenda kwenye trela."

"Ulijua mfupa ungekatika?"

Brandis alimtazama binti yake, kisha akatazama chini.

"Nilijua."

"Ningekuwa juu yake."

"Nilidhani ungeshinda kwanza," alisema.

Dinh alimfunga pingu, na Brandis alinyoosha mikono bila kuombwa, akapelekwa garini akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepita mlango mfupi.

Tayla hakumtazama. Aliingia kizimbani, akakaa juu ya majani karibu na kichwa cha jike. Kipaza sauti, kwa sauti ya mtu mwingine, kikatangaza kwamba Mvua ya Jumapili ameondolewa mbio ya sita. Watu jukwaani walilalamika, halafu wakaanza kuchagua farasi mwingine.

Noreen alimwambia Dinh aende na mtuhumiwa, yeye atafuata. Kisha akaingia, akakaa majanini kando ya yule binti. Tayla alimwegemea begani, helmeti bado kwapani, na kwa pamoja wakasikia wale farasi wengine wakipita mbio.