Aliye Ndani ya Mtungi

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti ya kusimamisha nywele. Mmepewa mimi, mtu ambaye hata msibani watu hunitazama usoni wakisubiri kucheka. Nitaiharibu. Mnivumilie.

Nestor alikuwa mchekeshaji wa majukwaa ya mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, tumbo mbele, mdomo haufungwi. Mama yake, Scholastique, alikuwa mfinyanzi, na mwaka huu alitaka kufinyanga mtungi wa mwisho wa maisha yake, wenye sura ya binti yake ubavuni. Binti huyo, Josiane, aliuawa na watu wenye silaha mwaka 1998, akiwa na miaka minane. Picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba.

"Sura yake inanitoroka, Nesto," mama alisema. "Nikifunga macho, nabakia na sauti tu. Ile simu yako inachoraka watu. Uniletee mutoto wangu."

Nestor akaiandikia akili bandia: msichana wa Kindu, miaka minane, kovu kidevuni. Picha ikaja. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akalia. Alikuwa Josiane hasa, mpaka gauni la njano lililochanika begani, ambalo Nestor hakuliandika. Nyuma yake palikuwa na mtungi mkubwa wenye kifuniko. Huo nao hakuuandika.

"Mashine ina uchokozi," akacheka. Lakini simu ilinuka udongo mbichi.

Mama akafinyanga, akachonga sura, akakausha. Kwao, mtungi mkubwa hauingii motoni kabla kila mtu wa nyumba hajainama mdomoni mwake na kuuambia kile anachokificha. Mama akainama, akanong'ona kwa muda mrefu. Zamu ya Nestor ilipofika, akauambia kwamba yeye ndiye mwanamume mzuri kuliko wote Maniema na amechoka kuficha. Mtungi ukapasuka motoni. Kwenye wa pili akakiri wizi wa mandazi ya utotoni. Nao ukapasuka.

Na kila alipoifungua ile picha, kifuniko kilikuwa kimeinuka zaidi, upana wa kidole, kisha vidole viwili, na gizani mle mlikuwa na jicho. Josiane hakutazama tena mbele. Alikuwa ameugeukia mtungi, ngumi imeinuliwa.

Nestor akaifuta picha. Kesho yake saa sita mchana, jua limesimama wima uani na jirani yao Falone anatwanga majani ya sombe ng'ambo ya uzio, picha ikarudi yenyewe, na kutoka ndani ya mtungi wa tatu, mtupu, uliokuwa bado unangoja moto, kitu kikaanza kugonga, ko, ko, ko, taratibu kama mtoto aliyefundwa kubisha hodi, na harufu ya udongo mbichi ikapanda mpaka Nestor akaionja kwenye meno, na mama akasimama na vumbi la udongo viganjani, na hata mchi wa Falone ukanyamaza.

"Mama, tukimbie," Nestor akanong'ona. "Tuite shehe. Tuite padiri. Tuite wote wawili!"

"Ikala chini. Jini ya udongo ninaijua tangu kwa mama yangu. Haina kisirani na mutu. Inachukia siri tu." Akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole. "Nani iko ndani?"

Ikajibu sauti ndogo, ya kubembeleza, ya mtoto anayemwita kaka yake: "Yaya Nesto, unifungulie."

Kinywa cha Nestor kilifunguka kutafuta mzaha, kama kawaida yake. Hakikuupata. Akapiga magoti, akaingiza uso mdomoni mwa mtungi, na maneno yakamtoka yakiwa yamechakaa kwa kufichwa.

"Siku ile ya watu wa silaha niliingia ndani ya mutungi kubwa ya mama. Josiane akakuja, akagonga. Nikakamata kifuniko na mikono yote mbili. Nikamuambia: imejaa, wende pengine."

Kugonga kukakoma. Harufu ikaisha. Kwenye simu alibaki Josiane peke yake, ametazama mbele, na nyuma yake uwanja mtupu.

Mama hakulia. Aliupangusa mtungi kwa kiganja, polepole, pale kidevuni penye kovu.

"Ile kubwa ya maji?" akauliza.

"Eeh, njo ile, mama."

"Mulikuwa munajifichaka ndani yake wawili. Mukicheza."

"Ndiyo, mama."

Mama akawasha moto. Mtungi wa tatu ukaiva mzima, mwekundu, na kwa siku kadhaa mama akamwekea mwanawe chakula mezani bila kumwita.

Siku ya nne Falone akachungulia juu ya uzio, kanga imebanwa kinywani kwa woga.

"Nestor! Ile jini ya ndani ya mutungi, mulimwona? Iko namna gani?"

"Nilimwona, mama Falone. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Sasa anakaribia arobaini, ameota tumbo, na kila Jumamosi munamupigia makofi jukwaani."