Soksi ya Mguu wa Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wayua alibandika sufuria ya maji kwenye jiko, kisha akamwosha baba yake miguu. Mzee Mbaluka, fundi wa kusuka upya nyaya za mota za umeme mjini Thika, alikuwa kitandani katika chumba chao cha kupanga huko Ruiru tangu Januari 1996. Ugonjwa ulikuwa umekula ganda linalofunika mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuhisi moto wala baridi.

“Ni kama waya uliobanduka plastiki,” daktari aliwaeleza. “Mwili wenyewe unaweza kuuvika mshipa ganda jipya, ila polepole. Dawa ya kuharakisha kazi hiyo hatuna. Mnyoosheni miguu kila siku, mkingeni na vidonda na homa. Na maji, Wayua, yapime kwa kiwiko. Usimwulize yeye.”

Aprili, kidole gumba cha mguu kilicheza. Mei, Mbaluka alisimama akishikilia kitanda, na mkewe Benta akalia kwa furaha.

Basi ikafika siku ambayo Wayua alikuwa na mechi ya netiboli ya shule kule Thika. Benta alikwisha kwenda kuchuma kahawa. Wayua, mbio mbio, akamimina maji bila kuyapoza.

“Baba, si moto?”

“Sawa tu, mwanangu.”

Alipouinua mguu wa kushoto, ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Jamani, aliogopa! Akauvika soksi upesi, akajiambia atasema jioni. Jioni hakusema.

“Miguu ya baba iko salama?” Benta aliuliza kila siku.

“Iko salama, Mama.”

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku ya tano Mbaluka alishikwa na homa kali, na miguu iliyokuwa imeanza kusimama ikalegea kabisa. Benta akaivua ile soksi. Harufu ilijaa chumbani.

“Woi! Wayua, ni nini hiki?”

Hospitalini walimkata Mbaluka vidole viwili vya mguu huo. Wayua aliungama akilia kando ya kitanda, naye baba akageukia ukutani. Hilo lilimuuma Wayua kuliko kiboko.

Mbaluka aliporudi nyumbani, jirani alijitolea kumwosha.

“Hapana,” akasema. “Ataniosha Wayua.”

Wayua alichovya kiwiko ndani ya beseni. “Yamezidi moto, Baba. Ngoja niyapoze.”

“Vizuri. Sasa nisikilize. Mguu wangu ungekuwa na mdomo, ungepiga kelele siku ile. Mdomo wake ulikuwa wewe, nawe ukanyamaza. Yale maji yalikuwa ajali, mwanangu, na ajali tungeitibu siku hiyohiyo. Soksi ulinivika kwa kujua. Ukikosea, sema mapema, hata ukitetemeka.”

“Nisamehe, Baba.”

“Nimekusamehe. Vidole havitarudi, lakini miguu tutaanza kuinyoosha upya leo.”

Ilikuwa Desemba Mbaluka aliposimama tena, mkono mmoja kitandani, mwingine begani mwa Wayua.