Mama wa Falaji

Risasi ilipasua kioo cha Land Rover. Ghanim hakupunguza mwendo.

Mbele yake pikipiki ya Thabit iliiacha njia ya Hail, ikashika milima. Asubuhi ile, huko Matrah, bandari ya Maskati, Thabit alimuua mpima ardhi Bakhit, akamwibia ramani ya kijiji cha wakulima wa kale wa jangwani. Ilionyesha kuta, mashamba na falaji, mfereji upitao chini ya ardhi. Wajukuu wa wakulima wale wangali wanakunywa maji yake.

Redio ilikwaruza. Mkuu wake, Aflah.

"Ana baruti. Maji yakikatika watu watahama, na bonde litakuwa njia ya kina Thabit ya kupitishia silaha."

"Dada yangu Kheiria yuko kule na wanawe."

"Nnajua. Ndiyo maana nimekutuma wewe."

Risasi ya pili ilitoboa gurudumu. Gari ilipinduka.

Ghanim alijitoa, akakimbilia kisima cha mitendeni, wanakoteka wanawake. Mtu wa Thabit mwenye bunduki aliinuka nyuma ya ukuta. Bastola ya Ghanim, Browning, ilisema mara moja. Mtu akalala.

Kisimani hapakuwa na baruti.

Ghanim alijilaani. Alikuwa amefikiri kama mtu wa Unguja, ambaye kisima chake kiko uani. Huku maji huzaliwa mlimani. Bakhit aliwahi kumwonyesha kwenye ramani: mstari wa vishimo vya falaji, kutoka mashambani hadi kisima mama, mfereji unakoanzia.

Vishimo vile vilikuwa mbele yake. Akavifuata mbio.

Kwenye kisima mama, Thabit alikuwa ameshawasha utambi wa baruti.

"Umechelewa, yakhe," alisema. "Watu wa pwani hutafuta maji kwenye ndoo."

Kisu chake kilimchana Ghanim bega. Ghanim alimvunja pua kwa kichwa, akampokonya kisu, akaukata utambi kwa kisu kile kile. Thabit alipepesuka, mguu mmoja ukaning'inia juu ya kisima.

Ghanim akamdaka mkanda.

"Unaniokoa?" Thabit alihema.

"Maji haya yananywewa."

Akamvuta mpaka kwenye mawe makavu, mbali na kisima. Hapo akampiga risasi.

Alitwaa ramani, akaitia kifuani, akateremka. Kheiria alikuwa akijaza mtungi mferejini. Aliliona bega, akauliza milio ile ilikuwa ya nini. Ghanim alimwambia kulikuwa na mwindaji mlimani, na ameshamaliza.

"Na wewe ndiye paa?"

Ghanim akaomba kata ya maji. Akanywa yote, akamrudishia kata, akashika njia ya Maskati kwa miguu.